Picha zinasomwa Chennai, mgonjwa yuko Mbagala

Kazi yangu ni kuhakikisha picha zinafika. Nasimamia seva na mtandao wa kituo kimoja cha vipimo hapa Upanga, na picha ninazozisema ni za eksirei, CT na MRI, vipimo vya kuona ndani ya mwili. Kijana aliyeanguka na bodaboda Buguruni akiletwa saa saba usiku na kupigwa CT ya kichwa, daktari wa mionzi anayeisoma mara nyingi hayupo Dar es Salaam. Yuko Chennai, India. Mabingwa wa radiolojia nchini ni wachache, waliopo wamebanana kwenye hospitali kubwa, na damu inayovuja ndani ya fuvu haisubiri kupambazuke. Picha inavuka bahari, inasomwa, majibu yanarudi, na daktari wa zamu anajua kama aite watu wa upasuaji au la.

Kwa hiyo mjadala wa data kubaki ndani ya nchi unanigusa kila zamu. Nimewasikia watu redioni na kwenye semina wakisema data za Watanzania zibaki Tanzania, wakapigiwa makofi. Uchungu unaowasukuma kusema hivyo ninao hata mimi. Ila sheria inayotangulia kuuliza seva iko wapi, kabla ya kuuliza nani anawajibika, itatubana sisi wa vituo vya afya na mgonjwa hatapata ulinzi wowote wa ziada.

Kwanza mjue kinachosafiri ni nini. Faili la picha ya hospitali lina mambo mengi kuliko picha. Ndani yake kuna jina la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, namba yake ya matibabu, kituo alikopimwa, mara nyingine hata daktari aliyemwandikia kipimo. CT moja ni vipande mamia, kila kipande karibu nusu megabaiti, hivyo mgonjwa mmoja anafika megabaiti 200 bila shida. Sisi kabla ya kutuma tunafuta jina na kuweka namba ambayo orodha yake inabaki kwetu. Hiyo inasaidia, lakini haimalizi. Vipande vya CT ya kichwa vikipangwa na programu ya kawaida tu vinaweza kuujenga uso wa mtu upya, pua, midomo na paji, kiasi cha ndugu yake kumtambua. Altrasaundi nayo mara nyingi ina jina limeandikwa juu ya picha yenyewe, na kulitoa hapo ni kazi ya mkono. Mtu akikuambia ameondoa utambulisho wote wa mgonjwa kwenye picha, muulize amefanyaje.

Kuna mama mmoja wa Mbagala aliyekuja kupimwa akapewa fomu ya ridhaa asaini. Aliisoma yote, jambo ambalo wengi hawafanyi, kisha akaomba kuonana na anayehusika na kompyuta. Nikatoka, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hapa mmeandika picha zangu zinaweza kusomwa nje ya nchi. Nje wapi?"

"India, mama. Kuna madaktari tuna mkataba nao."

"Sawa. Na mmoja wao akizitoa kwa watu, mimi nitamshitaki wapi?"

Nikamwambia atatushitaki sisi, hapahapa Dar es Salaam, na kwamba tukimzungusha anaweza kupeleka malalamiko yake kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Alisaini. Jibu lile ni sahihi kisheria. Lakini lina upande mmoja tu, na tangu siku ile nimekuwa nikiutafuta upande wa pili.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Rais Samia aliizindua Tume Aprili 2024. Taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Haikatazi kusafirisha taarifa nje. Inataka nchi inayopokea iwe na ulinzi wa kutosha, au kuwe na sababu zinazotambuliwa kama ridhaa ya mhusika au utekelezaji wa mkataba, na kanuni za 2023 zikaongeza kwamba mkusanyaji aombe kibali kwa Tume. Mkusanyaji ni sisi. Mchakataji ni wale wa Chennai. Kwa maoni yangu huu ni msingi mzuri, mzuri kuliko wa nchi nyingi zinazosifiwa.

Sasa nendeni upande wa pili wa bahari. India ilipitisha sheria yake ya data binafsi Agosti 2023. Nimeisoma, maana nilitaka kujua mama yule angekuta nini kule. Kifungu cha 17 kinatoa msamaha: taarifa za watu wasiokuwa ndani ya India, zikichakatwa India kwa mkataba na mteja wa nje, sehemu kubwa ya sheria haizihusu. Wajibu wa kuzilinda zisivuje unabaki. Haki za mhusika mwenyewe, za kuuliza mna nini changu, za kutaka kurekebishiwa au kufutiwa, zinaondolewa. Sababu yake inaeleweka, India inaishi kwa kazi za nje, na haikutaka makampuni yake yabebe sheria mbili kwa kila faili. Lakini maana yake ni kwamba sheria hiyo inampa mtu wa Chennai haki ambazo haimpi mgonjwa wetu, mbele ya daktari yuleyule, kwenye seva ileile.

Hapo ndipo mtu wa "zibaki nyumbani" atasema, basi si unaona? Naona. Ila tazama inavyokwenda ukizifungia.

Urusi ilifunga. Sheria iliyoanza Septemba 2015 ilitaka data za Warusi zitunzwe kwenye seva zilizoko Urusi, na Novemba 2016 LinkedIn, mtandao wa kijamii wa wafanyakazi, ikazuiwa kwa kutotii. China ilifunga kwa sheria ya usalama wa mtandao ya 2017, ikaongeza ile ya taarifa binafsi mwaka 2021. Mwaka 2018 Apple ikahamishia akaunti za wateja wake wa China kwenye kampuni ya mkoa wa Guizhou, na funguo za kufungulia data hizo zikahamia China pia. Mimi hapo ndipo ninaposhtuka. Ukiweka data zote za watu mahali pamoja, na funguo zake pembeni, umemrahisishia kazi yeyote mwenye mamlaka juu ya mahali hapo. Kwa mgonjwa wa magonjwa yanayoonewa aibu, anayeweza kumdhuru ni jirani, mwajiri au afisa wa hapahapa, kabla hata ya mgeni. Hata hivyo, Machi 2024 China yenyewe ililegeza masharti ya kusafirisha data, kwa kuwa biashara zilikuwa zinakwama.

India yenyewe imefunga upande mmoja. Benki Kuu yake iliamuru Aprili 2018 kwamba data za malipo zihifadhiwe India tu, na Julai 2021 ikaizuia Mastercard kusajili wateja wapya mpaka ilipotii, kizuizi kikaondolewa Juni 2022. Watu huuleta mfano huu kama ushahidi kwamba nasi tunaweza. India ina watu zaidi ya bilioni 1.4. Kampuni ya kadi itajenga seva huko hata kama inalia. Sisi sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 61.7, na wenye kadi ni sehemu ndogo ya hao. Kampuni ikipiga hesabu ikaona kujenga Dar es Salaam hakulipi, inaondoka, na anayebaki na pengo ni duka la Kariakoo linalolipa msambazaji wa Guangzhou.

Jirani zetu wana mifano iliyo karibu zaidi na hali yetu. Rwanda, kwa sheria yake ya Oktoba 2021, inataka data binafsi zitunzwe ndani ya nchi, na anayetaka kuzitunza nje awe na cheti cha mamlaka ya usalama wa mtandao. Hata kabla ya sheria hiyo walikuwa wakali: mwaka 2017 mdhibiti wao aliitoza kampuni ya simu ya MTN Rwanda faranga bilioni 7 kwa kuendeshea mifumo yake Uganda. Uganda! Nchi ya jumuiya moja, ambapo lori la mahindi linavuka mpaka kwa karatasi chache.

Kenya ilichagua njia ambayo naipenda zaidi. Sheria yao ya 2019 haifungi kila kitu. Inampa waziri uwezo wa kutaja aina za uchakataji zenye maslahi ya taifa, na kanuni za 2021 zikazitaja: usajili wa watu, uchaguzi, fedha za umma, elimu ya msingi, huduma za afya na mengine machache. Kwa hayo kanuni zinataka walau nakala moja hai ikae kwenye kituo cha data kilichoko Kenya. Nakala hai inayofanya kazi, kwa eneo lililotajwa, kwa sababu iliyotajwa. Hilo mimi nalitetea waziwazi, na nina sababu.

Mei 12, 2024, Jumapili, nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikaanguka. Mnakumbuka. Watu wengi walikosa WhatsApp. Sisi tulikosa kumbukumbu. Picha za miezi ya karibuni tulikuwa nazo kwenye seva ya hapa kituoni, lakini za miaka ya nyuma zilikuwa zimewekwa kwa mtoa huduma wa wingu, yaani seva za kukodi kupitia intaneti, huko Ulaya, kwa mkataba uliosainiwa kabla sijaajiriwa. Jumatatu akaja mgonjwa wa uvimbe wa kichwani kwa picha ya ufuatiliaji. Daktari wa mionzi wa hapa tulimpata, lakini picha ya ufuatiliaji bila ile ya zamani ya kulinganisha haina msaada mkubwa, utajuaje uvimbe umekua au umepungua? Kilichotuokoa ni bahasha ya kaki. Mume wake alirudi nyumbani Tabata kwa daladala akaleta filamu zake za mwaka uliotangulia, zimekunjika pembeni lakini zinasomeka. Mgonjwa alikuwa na nakala yake karibu zaidi kuliko sisi tulivyokuwa na yetu.

Baada ya hapo menejimenti ilikubali kununua seva ya kutosha. Si rahisi, nisije nikamdanganya mtu. Chumba cha seva Dar es Salaam kinataka kiyoyozi saa 24, jenereta, dizeli, betri, na mtu wa kuamka usiku. Wingu nalo linalipwa kwa dola, na waliokuwa wakitafuta dola mwaka 2023 wanajua ilikuwaje. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: watoa huduma wengi wa wingu kuingiza data kwao ni bure, kuzitoa unalipia kwa kila gigabaiti. Ukiwa na picha za miaka mitano, gharama ya kuzivuta zote kuzirudisha kwako inaweza kukufunga. Kwangu hiyo ni sababu nzito ya kuwa na nakala hapa kuliko hotuba zote za uhuru wa kidijitali. Vituo vya data tunavyo sasa, kipo cha taifa pale Kijitonyama na vya binafsi vimejengwa, kwa hiyo kisingizio cha kwamba hakuna pa kuweka kimepungua nguvu.

Lakini hata nakala ikiwa Kijitonyama, msidhani mkono wa mbali haufiki. Marekani ilipitisha sheria Machi 2018, inaitwa CLOUD Act, inayoilazimisha kampuni ya Marekani kutoa data ilizo nazo kwa amri halali ya huko, popote seva ilipo duniani. Ilizaliwa kutokana na kesi ya Microsoft, ambayo tangu 2013 ilikuwa ikikataa kutoa barua pepe zilizokuwa Dublin. Kwa hiyo seva iliyoko Dar es Salaam, ikimilikiwa na kampuni ya Marekani, kwa sheria hiyo iko karibu na Washington kuliko ilivyo karibu na mahakama ya Kisutu. Ukuta wa jengo haulindi kitu hapo. Kinacholinda ni nani ameshika ufunguo wa usimbaji. Kwetu funguo za nakala ya nje tunazishika sisi, mtoa huduma anaona herufi zisizosomeka tu. Ningetaka Tume iwaulize swali hilo wote wanaoomba kibali, tena liwe swali la kwanza kwenye fomu.

Ulaya inatupa funzo jingine. GDPR, sheria yao ya data binafsi iliyoanza Mei 25, 2018, haimlazimishi mtu kuweka data Ulaya. Inasema ulinzi uifuate data inakokwenda. Na ina meno kweli, kwa sababu raia mmoja anaweza kuishika. Max Schrems wa Austria alilalamika akiwa bado mwanafunzi wa sheria kwamba data zake za Facebook zinapelekwa Marekani ambako vyombo vya usalama vinazifikia. Mahakama ya Ulaya ikaufuta mpango wa kwanza wa kusafirisha data mwaka 2015, ikaufuta wa pili Julai 2020. Mei 2023 mamlaka ya Ireland ikaitoza Meta, kampuni mama ya Facebook, yuro bilioni 1.2. Mtu mmoja, swali moja, na lile swali ni la mama wa Mbagala: nitamshitaki wapi? Yeye alikuwa na pa kwenda.

Na Kenya, Desemba 2025, tukaona mfano wa nyumbani. Serikali ilisaini na Marekani makubaliano ya afya ya miaka mitano, fedha za Marekani humo zikiwa dola bilioni 1.6, na ndani yake kulikuwa na suala la kushirikishana data za afya. Watetezi wa walaji wakaenda Mahakama Kuu, mahakama ikasimamisha kwa muda utekelezaji wa sehemu inayohusu data. Nilifuatilia habari ile nikiwa zamu na nilifarijika sana. Kwangu hoja haikuwa seva zitakuwa wapi. Hoja ilikuwa kwamba wagonjwa wa Kenya wana sheria, na sheria hiyo haipaswi kurukwa kwa saini.

Sisi Dar es Salaam tuna sababu nyingine ya kulitazama jambo hili kwa upana. Data haziondoki tu, zinaingia pia. Wagonjwa wa Comoro na wa Kongo wanakuja hapa kutibiwa, nami nina picha zao kwenye seva zangu Upanga. Kila nchi ikifunga mlango wake kama ilivyofanya Rwanda, daktari wa Moroni atazipataje picha za mgonjwa wake aliyefanyiwa upasuaji Dar? Atarudi kwenye bahasha ya kaki. Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika, unaohusu usalama wa mtandao na ulinzi wa data binafsi, ulipitishwa Juni 2014 na ukaanza kufanya kazi Juni 2023, baada ya miaka tisa ya kusubiri nchi 15 ziuridhie. Itifaki ya biashara ya kidijitali ya eneo huru la biashara la Afrika ilipitishwa Februari 2024. Karatasi zipo. Ninachokitaka mimi ni kidogo na kinawezekana: tume za Afrika Mashariki zitambuane, ili malalamiko yaliyopokelewa Dar es Salaam yafanyiwe kazi Nairobi au Kigali bila mgonjwa kupanda basi. Jumuiya nzima ina watu zaidi ya milioni 300. Kwa idadi hiyo hata India itakaa mezani tukisema kifungu cha 17 kinawaacha watu wetu nje.

Mpaka hapo patakapofikiwa, kilichobaki mikononi mwetu ni mkataba, na nimeukalia huu wetu mpya na mwanasheria wa kituo jioni kadhaa. Tumeandika kwamba picha zisomwe kwenye seva yetu kupitia skrini, daktari wa Chennai azione bila kuzipakua. Kwa kesi chache zinazolazimu kupakua, zifutwe ndani ya siku 30 na tuletewe ushahidi wa kufutwa. Wakipata uvujaji watujulishe ndani ya saa 72, muda tuliouazima kwa Wazungu wa GDPR. Kila aliyefungua picha, jina lake na saa yake vibaki kwenye kumbukumbu ambayo mgonjwa akiitaka anaonyeshwa. Na haki zote ambazo sheria ya India imemwondolea mgonjwa wetu, tumemrudishia humo kama sharti la mkataba.

Wenzetu wamekubali yote isipokuwa moja. Wanataka mgogoro wowote usikilizwe Chennai. Tumekataa, wamependekeza usuluhishi Dubai, tumekataa tena. Mkurugenzi wetu anaona tunavuta kamba mno, na bei yao ni nzuri, naijua. Mkataba wa zamani unaisha mwezi Juni, na nimeshaanza kuzungumza na mabingwa wawili wa hapa na mmoja wa Nairobi kuhusu kugawana zamu za usiku endapo Chennai hawatakubali kuja kujibu Dar es Salaam.